Madaftari Tisa ya Shangazi

14 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa kutazama skrini kutwa. Natumaini kuku wako wanataga na yule jogoo mgomvi umeshamchinja, maana mara ya mwisho alinifukuza hadi mlangoni na wewe ukasimama unacheka. Baba alinipigia Jumapili. Anasema mgongo wake umetulia, na mdogo wangu amepata kazi ya kupaka rangi majengo. Hakukutaja, na mimi sikumuuliza.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unasema "sawa, sawa" halafu unakata.

Chuoni tumehamia maabara ya kompyuta. Mashine ziko ishirini na mbili, zinazowaka ni kumi na tisa, na mimi nagawana moja na mama mmoja aliyekuwa mpishi wa shule. Yeye anashika kipanya, mimi kibodi, tukishagombana tunabadilishana. Muhula huu tunajifunza hifadhidata, yaani kupanga habari kwenye majedwali ili uziulize swali zikujibu, na kutengeneza kurasa za mtandao za kuonyesha hayo majibu. Mwalimu wetu tumempachika jina la Hifadhi. Kila baada ya dakika kumi anapita nyuma ya viti, "Hifadhi kazi yako, hifadhi kazi yako," utadhani anauza maji.

Kila mtu lazima awe na kazi yake ya mwisho. Baba anataka nitengeneze rejista ya wodi ya wazazi ya kliniki ya mtaa, ambako yeye ndiye tabibu, kwa sababu nikimaliza nitarudi kuiendesha. Anasema nianze na mwaka huu, ya nyuma niyaache, rejista za zamani zimeliwa na mchwa. Hifadhi anasema habari za kubuni hazimfundishi mtu kitu. Na mimi najua zipo ambazo mchwa hawakuzifikia. Ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chako.

Naomba madaftari yako, shangazi. Najua hujayafungua tangu kamati ya kliniki ikuondoe ukunga. Najua mtaani wanakuita Mkono Mzito na wewe unaitika kwa makusudi. Sitaki kukutonesha kidonda. Nataka miaka yako kumi na tisa ionekane mahali.

Mwanao wa maabara


2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Jogoo yupo. Mtaa mzima ni mimi na yeye tu tusiojua kuogopa, siwezi kumla mwenzangu.

Barua yako niliisoma, nikasema la. Nikaisoma tena, nikasema la tena. Kisha Jumatatu fundi cherehani wa jirani akaniita, "Mkono Mzito, hebu nipe mkasi huo," mbele ya mteja mgeni. Nikaitika naam, nikampa mkasi. Mteja akauliza jina hilo limetoka wapi, na fundi akamweleza nikiwa nimesimama pale pale, kama vile anaeleza habari za mvua ya juzi. Nikaingia ndani nikalivuta sanduku.

Nakutumia manne kwa basi. Majina ya akina mama usiyatoe, hayo waliniachia mimi. Usiyaazimishe, usilambe kidole kufungua kurasa, na usiniulize jambo ambalo halimo daftarini. Kama limo, utaliona mwenyewe. Kama halimo, nilikuwa na sababu.

Na kula vizuri. Sauti yako kwenye simu ni ya mtu anayeishi kwa chai.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Manne yamefika, yamefungwa kamba kama mzigo wa kuni. Nilitumia robo saa kufungua fundo lako. Mpishi amesema aliyefunga vile hana mchezo.

Kazi ndiyo hii. Kila mtoto aliyezaliwa ni mstari mmoja. Kila mstari una safu zake: tarehe, saa aliyofika mama, saa aliyozaliwa mtoto, uzito, hali ya mama, hali ya mtoto, na kuendelea. Na kila mstari lazima uwe na namba isiyofanana na nyingine yoyote. Mpishi aliuliza kwa nini mashine haitosheki na tarehe. Hifadhi akamjibu, "Mapacha wana mama mmoja, lakini kila mmoja ana kitovu chake." Nikajua ungempenda huyu mwalimu.

Jumatano umeme ulikatika nikiwa nimeingiza mistari mia mbili na kumi bila kuhifadhi. Hifadhi alinitazama tu kama mtu aliyefika kwenye msiba alioutabiri. Nimeirudia yote.

Daftari la kwanza ni safi ajabu, saa zake za jeshini, 14:30, 02:15. Yaliyofuata mkono unakimbia, saa ni tarakimu tupu na vikwaruzo chini. Lakini nasoma. Mimi ni mstari wa 431. Umeandika: "Msichana. Amelia kabla hajaguswa." Nimemsomea mpishi, amecheka mpaka Hifadhi akatutoa nje.

Nitumie matano yaliyobaki. Mwezi ujao tunaanza kuuliza maswali.

Mstari wa 431


25 Machi

Mwanangu,

Haya hapa matano. La tisa lina doa la chai, si damu, usishtuke.

Baba yako alipita jana kuchukua mayai, akaona sanduku liko wazi. Akauliza, "Dada, unafanya usafi?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa muda mrefu na chai yake haikunyweka. Mdogo wangu huyo tangu utotoni akiwa na wasiwasi hanywi kitu.

Ukishaiuliza hiyo mashine, niambie imekujibu nini. Miaka minane sasa hakuna aliyeniuliza chochote.

Shangazi


11 Mei

Mwanangu,

Wiki saba. Barua ya kwanza nilidhani imepotea, nikaenda posta, wakaniambia hakuna iliyopotea kwa sababu hakuna iliyoandikwa. Kwenye simu unaniambia una mitihani. Mpishi wako pia ana mitihani, lakini nina hakika ana watu anaowaandikia.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Na mimi nimekaa wodini miaka kumi na tisa. Mtoto anayelia unaweza kumwacha ukanawe mikono kwanza. Asiyelia ndiye wa kukimbiliwa. Sema.

Shangazi


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe. Mitihani ilikwisha Aprili.

Mistari yote imeingia, 1,143. Wiki ya maswali ilipofika niliuliza maswali mepesi kwanza: wasichana wangapi, mapacha wangapi, mtoto mzito kuliko wote. Kisha nikauliza: mistari ambayo mama au mtoto hakunusurika. Kumi na minne. Nikasema kwa miaka kumi na tisa si wengi, nitawatengenezea ukurasa wa kuwafunga watu mdomo. Nikauliza hao kumi na wanne walipotea saa ngapi.

Kumi na watatu walipotea kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kumi na watatu, shangazi, kati ya kumi na wanne. Saa ambazo Baba yuko kwake amelala, wodini uko wewe peke yako. Nilirudia swali mara sita. Nilibadilisha mashine. Mpishi aliniuliza nimeona nini nikamwambia nimesahau alama ya mkato.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili kamati ilipokaa. Niliwapiga ngumi watoto wawili shuleni waliosema shangazi yangu alilala, mama wa watu akafa. Nimekaa wiki nne natazama jedwali lile, najiuliza kama niliwaonea. Sasa nimekuuliza jambo ambalo halimo daftarini. Nichape.

431


27 Mei

Wewe,

Salamu leo hakuna. Nani amekufundisha kusoma saa?

Nilipotoka chuo cha uuguzi niliandika saa za karatasi, ndilo hilo daftari la kwanza linalokupendeza. Siku moja mama mmoja akaniuliza mwanawe amezaliwa saa ngapi. Nikamsomea, "Kumi na nne na nusu." Akaniuliza, "Hiyo ni saa au bei ya jogoo?" Tangu siku ile nikaandika saa za watu. Tatu ni saa tatu asubuhi, jua limeshapanda, watoto wako darasani. Kistari chini yake ni usiku. Vikwaruzo, unaviita. Vikwaruzo hivyo ndivyo vilivyokuwa vinatenganisha usiku na mchana, na wewe umevifuta vyote, ukaja kunililia kwamba ninaua watu gizani.

Usiku nilikuwa macho, na baba yako alikuwa nyumba ya tatu kutoka wodini. Nikigonga dirisha alikuja amevaa shati kinyume, lakini alikuja.

Rudi kwenye hiyo mashine, iambie mchana ni mchana. Ukimaliza niombe radhi, na iwe kwa mwandiko mzuri.

Shangazi yako, aliyemzalisha mama yako mchana kweupe


15 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na radhi naiomba nikiwa nimepiga magoti, kiti cha maabara kikiwa shahidi. Haikunijia hata kidogo. Nilisoma 14:30 katika daftari la kwanza, nikadhani yote ni hivyo hivyo.

Ilinichukua siku kumi na mbili. Nilipitia madaftari manane ukurasa kwa ukurasa kutafuta vistari, nikaviwekea safu yao. Kisha nikaandika amri moja: mchana ongeza sita, usiku ongeza kumi na nane, ikizidi ishirini na nne izunguke. Nikabonyeza. Mistari yote ikageuka kwa pamoja.

Wale kumi na watatu walipotea kati ya saa mbili na saa tano asubuhi. Aliyepotea usiku ni mmoja tu, mstari wa 612.

Nilifurahi kwa muda wa kama dakika mbili, mpaka nilipokumbuka saa mbili hadi saa tano asubuhi ni saa za nani. Zamu imebandikwa ukutani kliniki tangu nizaliwe. Asubuhi tabibu yuko ofisini, na kutoka mlango wa wodi hadi ofisi ya Baba ni hatua thelathini.

Basi nikafungua zile safu mbili nilizokuwa nazipuuza kwa sababu karibu kote ziko tupu. "Nimeita" na "Kafika", yaani saa uliyomwita tabibu na saa aliyofika. Nikaiambia programu itoe moja kwenye nyingine. Kwa wale kumi na watatu, wastani ni saa tano na dakika kumi. Tarehe inajua siku yake ya wiki, hata kama mwandishi hakuitaja. Zote ni Jumanne na Ijumaa. Zile ndizo siku ambazo Baba alikuwa mjini kwenye kliniki yake mwenyewe ya kulipia, shangazi, na jioni alirudi na viatu vyetu na mikate. Nilizipenda sana siku zile.

Mstari wa 1,098 ni mke wa mwalimu wa shule yetu, yule ambaye kamati ilikaa kwa ajili yake. "Nimeita saa 2:40. Nimeita saa 3:30. Nimeita saa 4:00. Kafika saa 8:15." Kamati ilimuuliza Baba kama aliitwa. Nyumbani tuliambiwa amejibu hakuitwa. Wewe ulijibu nini?

431


22 Juni

Mwanangu,

Nashukuru kwa radhi. Mwandiko ni wa wastani.

Rudisha madaftari yangu. Yote tisa, kwa basi la Alhamisi. Kazi yako ya chuo ianze na mwaka huu kama baba yako alivyosema. Ulichoona umekiona, inatosha.

Shangazi


3 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Alhamisi imepita, na madaftari yako hapa, yamefunikwa kwa kanga yangu nzuri. Sirudishi. Hii ni mara yangu ya kwanza kukukatalia kitu.

Baba alipiga simu juzi. Ameshajua. Hakufoka, afadhali angefoka. Alisema, "Mwanangu, ya nyuma yafute. Hiyo mashine si ina kitufe cha kufuta?" Nikamwambia kinacho. Akasema basi. Nikamwambia, "Kinachofutwa ni mstari, Baba. Aliyekufa hafutiki." Salio likaisha, la kwake.

Hifadhi ameona kurasa zangu. Alikaa kwenye kiti cha mpishi, akasoma mpaka chini, akaniuliza kama nina hakika na saa zangu. Nikamwonyesha vistari. Akasema tarehe 9 Agosti kazi zitaonyeshwa ukumbini na kamati ya kliniki imealikwa, maana ndiyo itakayoipokea rejista. Akasema pia naweza kuonyesha sehemu ya mwaka huu peke yake na bado nitapata alama zangu. Nikamwambia sitaki alama za namna hiyo. Akanyanyuka, akaenda mbele, kwa mara ya kwanza akasahau kutuambia tuhifadhi.

Wewe ndiwe uliyetuambia wasichana wote wa ukoo: mficha uchi hazai. Uliwaambia hivyo akina mama elfu moja mia moja na zaidi, wakakuvulia. Mbona mwenyewe umejifunika miaka minane?

Sitaandika jina la Baba popote. Nitaandika "tabibu", na saa. Lakini ukurasa wa kwanza nitaandika kwamba madaftari haya yameandikwa na mkunga ambaye aliita. Ukitaka kuyachukua, njoo uyachukue mwenyewe.

431


19 Julai

Mwanangu,

Nimeisoma mara nne barua yako na kila mara nilikuwa natafuta pa kukasirikia. Nilipata pawili, nikaparuka.

Nitakujibu uliloniuliza. Kamati iliponigeukia sikujibu kitu. Niliangalia meza. Wakaona aliyenyamaza ana hatia, na mimi nikawaacha waone hivyo. Baba yako ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni mpaka akanizidi uzito, na mazoea ya kumbeba hayakuniisha. Mama yako alikuwa kitandani mwaka ule. Wewe ulikuwa wa kwanza darasani. Na tabibu wa siku tatu kwa wiki, nilisema moyoni, ni afadhali kuliko kliniki isiyo na tabibu kabisa. Ndivyo nilivyopiga hesabu. Nilikosea au sikukosea, sijui, lakini nilichagua mwenyewe nikiwa na akili zangu. Usinifanye mnyonge kwenye ukurasa wako. Sikuonewa, nilikubali.

Sasa sikubali tena. Jumapili nilikwenda kwake. Nikamwambia tarehe 9 nitakaa kiti cha mbele, na wakiniuliza safari hii nitajibu. Akasema, "Dada, miaka minane, leo ndiyo umekumbuka?" Nikamwambia sikusahau hata siku moja, na kwamba pembeni yangu kutakuwa na kiti kitupu, akitaka. Akalia. Nilimwacha alie. Zamani ningemfuta machozi.

Mke wa mwalimu alikuwa na mume, na mume yu hai. Nimemwandikia naye aje.

Lakini kuna jambo la kurekebisha, na usipolirekebisha nitalisema mwenyewe mbele ya watu uaibike. Umeniandikia kuhusu mstari wa 612 kwa neno moja, "mmoja tu", ukaruka. Umenionea huruma. Uliona, na mimi ndiye niliyeandika, safu ya "Nimeita" pale ni tupu. Sikuita. Ilikuwa saa tisa usiku, na baba yako alikuwa nyumba ya tatu, angekuja. Mama yule aliniambia haoni vizuri, nikamwambia apumzike, nikakaa kwenye kiti, nikafumba macho. Nilipoyafumbua kulikuwa kumekucha. Mtoto alipona. Mama hakupona. Hakuna kamati iliyokaa, kwa sababu alikuwa mgeni asiye na ndugu, na mimi ndiye niliyemwandika.

Wale kumi na watatu watamhukumu mwingine. Huyu ni wangu. Ukimficha, ukurasa wako wote utakuwa uongo, na aliyenitukana mtaani miaka minane atakuwa amesema kweli kuliko wewe.

Ongeza safu mwishoni, uiite "Sababu". Kwenye 612 andika: mkunga alilala. Usiandike uchovu.

Mkunga